Pakanga ya Marie-Louise

Marie-Louise alikuwa mke wangu miaka arobaini na mbili. Alikufa mwaka jana, mwezi wa nane. Naandika habari zake kwa sababu katika bustani moja ya watu wote hapa Berea, Durban, liliwekwa jiwe lililosema uongo juu yake, na watu wazima walisimama mbele ya ule uongo wakafuta machozi. Niliona kinyaa. Mpaka leo nikikumbuka, mate yanajaa mdomoni.

Alizaliwa Kalundu, karibu na Uvira, mtoto wa tano wa mtu aliyepakua mizigo bandarini. Shule aliacha darasa la tatu. Mimi sikuingia kabisa. Herufi nilifundishwa kanisani na kitabu cha nyimbo, nikiwa tayari na ndevu. Kwa hiyo nyumbani kwetu msomi alikuwa yeye. Alikuwa mfupi, na mkono wake wa kulia ulikuwa mnene kuliko wa kushoto. Ni kazi ya mchi.

Tulikimbia mwaka wa tisini na sita. Kigoma, kambi, Msumbiji, halafu Durban. Sisemi zaidi. Watu wa hapa wanapenda sana kusikia mambo ya njiani, wanainamisha kichwa upande kama kuku. Marie-Louise akiulizwa alijibu, "Tulitembea, tukafika." Kisha anauliza kama mtu anataka kununua sombe.

Sombe ndiyo ilikuwa kazi yake. Asubuhi alipanda taxi mpaka Isipingo, akarudi na gunia la majani ya muhogo. Aliyatwanga uani, nyuma ya ile nyumba kuukuu tunayopanga chumba, katika kinu alichochongewa na fundi Mmalawi kutoka shina la mti ulioangushwa barabarani na upepo. Akafunga kwenye mifuko midogo, akagandisha, akawapelekea Wakongo wa saluni na wa maduka ya simu. Mimi naangalia magari ya watu yaliyoegeshwa kando ya hiyo bustani, na kizibao changu cha njano. Hiyo ndiyo kazi yangu tangu tulipofika.

Sasa kuna desturi lazima niieleze, maana bila hiyo mtu hataelewa kosa langu.

Kwetu mwanamke akishika mchi ana ruhusa. Anatwanga, anaimba, na ndani ya wimbo anaweza kusema lolote juu ya mume, juu ya mama mkwe, juu ya mawifi. Mume anaweza kuwa amekaa hatua mbili pale, anakunywa chai. Hasikii. Wote wanajua anasikia, lakini hasikii. Na maneno hayo hayarudiwi. Mume akijibu, au akiyasema kwa kinywa chake mbele ya watu, wanawake wanasema ameingia kinuni, na tangu siku hiyo kila mwanamke mwenye mchi anaweza kumtwanga. Watamcheka mpaka kaburini. Baba yangu alitwangwa na mama miaka mingi, akafa hajasikia neno hata moja. Alikuwa mtu wa heshima.

Marie-Louise alinitwanga vizuri. Aliimba juu ya viatu vyangu. Aliimba kwamba nimekaa kama gunia la maharage ambalo mwenyewe amesahau kulifuata. Mwaka nilionunua redio isiyotoa sauti, aliimba kwamba sasa nyumbani tuko na redio mbili za namna hiyo. Wanawake waliokuja kumsaidia walilala chini kwa kicheko. Mimi nikakoroga chai.

Basi, watu wa mradi wakaja.

Kulikuwa na kona ya chini ya bustani, kwenye ukuta, ambapo lenga-lenga, mchicha wetu, iliota yenyewe. Hakuna aliyeipanda. Jumapili baada ya ibada wanawake wetu walikaa pale na watoto, wakachuma, wakaenda kupika. Siku moja nikakuta vijana wanaing'oa yote na kuitupa kwenye lori. Magugu, walisema. Pembeni alisimama msanii aliyepewa kazi hiyo, mwanamume mwenye pete tatu kwenye sikio moja. Akanieleza kwa Kiingereza, polepole, kama kwamba nina homa, kwamba hapa itakuwa Bustani ya Waroma. Mimea waliyoipanda Waroma, waliyoiandika katika mashairi yao miaka elfu mbili nyuma. Na kando ya kila mmea, jiwe lenye shairi la mtu wa Durban.

Nikamwuliza Waroma wenyewe watakuja kula lini. Hakucheka.

Wakaleta mimea kwenye vyungu. Rozmari, shamari, komamanga, mzeituni mmoja uliokonda. Mmoja sijui jina lake kwa lugha yetu, unanuka kama mahali alipokojoa paka dume. Waliupanda karibu na benchi langu. Walikuja kuumwagilia kila siku, ule wa mkojo wa paka, na bomba la watu lilikuwa limeharibika tangu Krismasi.

Aliyekuja kutafuta washairi alikuwa mwalimu wa chuo kule Westville, Mkenya, anaitwa Cherono. Gari lake dogo nililiangalia mimi. Ana adabu, sina ubaya naye. Akaniuliza kama najua akina mama wa Kiswahili wenye maneno. Nikamwambia wangu yuko uani anatwanga. Ndiyo hivyo. Mimi ndiye niliyemtuma.

Walikutana pale bustanini Jumanne nne, msanii naye pembeni na karatasi yake. Akina mama walikaa kwenye mikeka, mimea ikapitishwa mkono kwa mkono, kila mmoja anuse, achague, atunge. Marie-Louise alipewa pakanga. Sisi pakanga tunaijua katika Ufunuo, ile nyota iliyoanguka kwenye mito, maji yakawa uchungu, watu wakafa. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona jani lenyewe. Ni la kijivu, laini kama sikio la sungura. Mzulu anayetunza bustani akawacheka, akasema hii ni ndugu ya umhlonyane, bibi yake aliwachemshia kwa kikohozi. Cherono naye akasema Waroma walimnywesha pakanga dereva aliyeshinda mashindano ya magari ya farasi, kwamba afya ni zawadi kubwa kuliko dhahabu. Marie-Louise akauliza, na aliyeshindwa walimnywesha nini?

Wakati huo alikuwa ameanza kukohoa. Akaja nyumbani na tawi, akachemsha, akanywa, uso wake wote ukakusanyika katikati. Akanipa. Nikatema nje ya dirisha. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, nikamshika mgongo.

Jumanne ya mwisho alisema hawezi kutunga maneno akiwa amekaa bure kama mgonjwa. Anataka kinu. Nikakibeba begani mimi mwenyewe mpaka bustanini, watu kwenye magari wakinitazama. Akatia majani, akashika mchi, akaimba pakanga yake. Wanawake wakaanguka mikekani. Mimi nilikuwa hatua kumi, natazama magari. Nilisikia kila neno.

Yaani, sikusikia.

Cherono aliweka simu yake kwenye mkeka, karibu na kinu, inase sauti. Nyumbani alikuta mchi tu. Du, du, du, na kicheko. Akasema atarudi ili mama amwambie polepole, aandike. Hakuwahi. Marie-Louise aliingia hospitali Ijumaa, akakaa siku kumi na moja. Siku ya mwisho aliniambia nimlipe mwenye majani wa Isipingo. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Nilimzika katika shuka nyeupe aliyoinunua mwenyewe na kuiweka sandukuni kwa ajili hiyo.

Baada ya wiki mbili Cherono alikuja na sukari na majani ya chai. Alikaa kwenye kitanda, maana viti havikuwepo, vilikuwa bado kwa jirani tangu matanga. Akaongea taratibu.

"Mzee, pole sana. Sitaki kukusumbua. Si ulikuwa hapo siku ile? Mama alisema nini?"

"Sikusikia," nikamwambia.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mkenya, mtu wa vitabu, atajuaje? Alikwenda kwa wanawake, nao wakamjibu kwamba maneno ya kinu yana mwenyewe, akamwulize mwenyewe. Mwenyewe yuko chini ya udongo. Nikafikiri mambo yameisha, na nilifurahi. Naandika hilo wazi: nilifurahi kwamba heshima yangu imepona. Huo ndio uchafu wangu katika habari hii, na usichanganywe na ule wa wengine.

Halafu ikaja siku ya kufungua bustani, Jumamosi. Nilivaa koti. Pastor Apollinaire wa kanisa letu aliitwa kuomba, naye aliomba mpaka walioitwa wakaanza kuangalia saa. Kisha yule msanii akatokea nyuma ya choo amevaa shuka. Shuka nyeupe, imefungwa begani, miguu yenye manyoya nje, na majani ya kutia kwenye pilau yamezungushwa kichwani. Wenzake sita vilevile. Waroma. Watu wakapiga picha. Mimi shuka nyeupe niliiona mara ya mwisho juu ya uso wa mke wangu. Nilitazama chini.

Wakapitisha mkate uliopakwa mchuzi wa Waroma, matumbo ya samaki yaliyokaa juani na chumvi mpaka yakayeyuka. Msanii alieleza kwa furaha namna yanavyooza. Mimi nimekulia ziwani, najua samaki aliyeharibika hutupwa wapi. Nikaweka mkate wangu kwenye chungu cha shamari. Kisha akamwaga divai chini kwa ajili ya miungu fulani, na Pastor Apollinaire, aliyekataza watu bia miaka kumi na tano, akatabasamu na kupiga makofi.

Tukafika kwenye pakanga. Wakaondoa kitambaa. Nilisogea nikasoma, kidole juu ya herufi.

*Mimi ni mkimbizi, jani chungu lisilo na shina.*
*Nimekunywa machozi ya safari.*
*Ee Durban, nipe udongo, nami nitaota.*

Chini yake: *Mwanamke mkimbizi, Kongo.*

Mara ya kwanza nilifikiri nimekosea jiwe. Nikasoma tena. Kumbe msanii alikuwa na karatasi yake ya siku zile za mikeka, ameandika uchungu, safari, mume, jani, akamtoa mume, na kwa yaliyobaki akajitungia, akampa mtu kutafsiri. Cherono baadaye aliniapia kwamba alimwambia aache, akajibiwa kwamba jiwe tupu ni aibu kwa wafadhili.

Marie-Louise hakuwahi kumwambia mtu yeyote "Ee". Hakuwahi kuomba udongo. Aliponunua majani Isipingo alitukana bei mpaka ikashuka. Na jina lake, liko wapi? Mti wa komamanga ulikuwa na jina. Mkojo wa paka ulikuwa na jina, tena mawili, la Kiingereza na la Kiroma.

Mama mmoja mwenye mbwa mdogo mkononi alisoma Kiingereza chake kilichochongwa kando, akaweka kidole chini ya jicho. Mbwa naye alikuwa na kola ya maua. Nikashika ukuta.

Wanawake wetu watano walisimama nyuma yangu. Mama Peguy, aliyetwanga na mke wangu miaka minane, hakuniangalia. Alisema akitazama nyasi.

"Papa Ilde, unaona vile wamemufanya?"

"Naona."

"Siye hatuwezi kusema. Haiko kinu yetu."

"Najua."

"Basi iko ya nani sasa?"

Yeye alijua, na mimi nilijua. Mwenye kinu akifa, maneno yanabaki kwa yule aliyetwangwa. Hakuna mwingine. Nikinyamaza, Marie-Louise atakuwa yule mwanamke wa jiwe, asiye na jina, analia mbele ya mbwa, mwaka kwa mwaka, na mimi nitakuwa nimekaa hapo kwenye benchi langu na heshima yangu, naangalia magari. Nikisema, nimeingia kinuni.

Msanii akasema sasa mume wa marehemu atatupa neno. Walitegemea niseme asante. Wakanipa kipaza sauti, nikakishika vibaya, kikalia.

Nikasema kwamba jiwe hili si la mke wangu. Mke wangu anaitwa Marie-Louise, hakuwa jani, alikuwa muuza sombe. Na alichosema ni hiki. Kisha nikasema, kama alivyosema yeye:

*Pakanga iko chungu, lakini inaponyesha.*
*Bwana yangu iko muchungu, na haponyeshi kitu.*
*Pakanga ukiikata, inaota tena.*
*Bwana yangu ukimwamusha, analala tena.*
*Wanasema, mama, mutupe huyu muzee.*
*Nimutupe wapi? Nani mwingine*
*atakula sombe yangu na chumvi yote ile,*
*na kunyamaza?*

Kisha Mama Peguy akatia kitenge mdomoni, mabega yakaanza kuruka, na yule wa pili akapasuka, na wote watano wakaenda chini kwenye nyasi za Waroma, wanashikana, wanalia kwa kicheko, na mmoja akaanza kupiga ngumi kwenye kiganja chake, du, du. "Ameingia!" akasema mmoja. "Papa Ilde ameingia!"

Pastor Apollinaire alinivuta koti. "Papa, hapa iko wageni," alininong'oneza. Nikamwambia nimewaona, wamevaa shuka.

Wageni wakapiga makofi. Hawakuelewa neno, lakini walipiga makofi. Msanii aliweka mkono kifuani akasema imemgusa sana. Kilichomgusa hakukijua. Cherono peke yake ndiye hakupiga makofi wala hakucheka. Alipita katikati ya watu, akafungua mkoba, akatoa kalamu, na akaanza kuzungumza na msanii kwa Kiingereza cha haraka. Msanii akajibu jiwe limekwisha kuchongwa, labda wachapishe karatasi ndogo, waibandike. Wakati ule nilielewa neno moja, ile karatasi; mengine Cherono alinieleza baadaye. Nikamwambia Cherono amwambie kwamba kama jiwe hili litakuwepo Jumatatu, nitakaa juu yake, na kila anayekuja kulisoma nitamwimbia lile la kweli, kwa kelele, na nitaanza na mama mwenye mbwa.

Sijui alimwambia namna gani. Alhamisi Mzulu wa bustani alikuja na mtaimbo akaling'oa. Aliniita kama babu yake, "Mkhulu, njoo uone." Nilikwenda. Chini yake kulikuwa na minyoo.

Jiwe jipya lilichukua wiki sita. Kabla ya kulichonga Cherono alikuja uani aandike sawasawa. Nilikaa kwenye kinu, kimegeuzwa chini juu, nikamtajia mstari mmoja mmoja. Akauliza kama atengeneze Kiswahili kidogo, kiwe cha vitabu. Nikamwambia aandike alivyosema. Alipofika kwenye ule wa pili akainua kalamu.

"Mzee, hapa 'haponyeshi kitu'. Tuandike kweli? Watu watakucheka kila siku. Na unafanya kazi palepale."

"Andika."

"Naweza kuacha mstari mmoja tu. Hakuna atakayejua."

"Marie-Louise atajua. Andika."

Akaandika. Ule wa mwisho niliusema chini sana, akaniomba nirudie. Nikarudia, bado hakusikia. Nikausema mara ya tatu, kwa sauti, mpaka jirani akafungua dirisha.

Sasa liko pale, na jina lake juu, kubwa kuliko la mmea. Mkojo wa paka umekauka, hawakuja tena kumwagilia tangu picha zilipopigwa. Shuka sijui walizipeleka wapi. Bomba bado bovu. Wanawake wa kwetu wakipita wananitwanga bila hata kinu. Isipingo, kwenye rank ya taxi, mmoja nisiyemjua alinipigia kelele kutoka dirishani, kwamba muzee, umeamka? Kanisani wanaume wa umri wangu wananipa nafasi kwenye benchi kama mtu mwenye ugonjwa.

Wiki iliyopita wasichana wawili wa saluni walisimama wakasoma jiwe kwa sauti, wanapokezana mistari. Walipomaliza, mmoja aligeuka, akaniona na kizibao changu, akamgusa mwenzake kwa kiwiko.

"Kumbe ndiye huyu?"

"Ndiyo mimi," nikasema.

Walicheka mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani. Nilisubiri wavuke, halafu nikaenda kumwonyesha mtu pa kuegesha.